Makundi Matatu ya Kituo Kimoja: Tuyaunganishe?

Si ajabu, katika vijiji vya chai vya Kericho na Bomet, kumkuta mkulima mmoja akiwa na makundi matatu ya WhatsApp kwenye simu yake, yote ya kituo kile kile cha kununulia majani. La kwanza lilianzishwa ili karani atangaze saa ya lori. La pili lilizaliwa wakati wa uchaguzi wa mkurugenzi wa kiwanda, na uchaguzi ulipopita hakuna aliyelifunga. La tatu ni la watoto waliohamia Nairobi, Nakuru au Eldoret, wanaosimamia mashamba ya wazazi wao kwa simu. Lori likikwama kwenye matope, habari huandikwa katika kundi la kwanza, hufowadiwa katika la pili baada ya saa moja, na la tatu husikia kesho yake, majani yakiwa yameshaungua ndani ya magunia.

Ndipo mtu huandika, kwa hasira au kwa nia njema: kwa nini tusiwe na kundi moja tu? Wenzake humwekea alama za dole gumba, na jambo huishia hapo. Swali lenyewe halijibiwi, ingawa ni zito na lina pande zinazostahili kupimwa sawasawa.

Linaulizwa pia mbali sana na Kericho, miongoni mwa watu wanaotumia mitandao ya kijamii iliyogatuliwa. Mkenya hahitaji kufundishwa ugatuzi ni nini. Katika mitandao hiyo hakuna kampuni moja inayomiliki kila kitu: watu au vikundi mbalimbali huendesha seva zao, kila seva ina wasimamizi na kanuni zake, na zote huzungumza kwa itifaki ya pamoja. Inayotumika zaidi ni ActivityPub, iliyoidhinishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Januari 2018. Mastodon, iliyoanza 2016, imejengwa juu yake, na Lemmy pia, ambayo ni mahali pa majadiliano yaliyopangwa kwa mada. Juni 2023 watumiaji wengi wa Reddit walikasirishwa na ada mpya walizotozwa watengenezaji wa programu, na sehemu yao wakahamia Lemmy. Walipofika huko wakakuta, au wakaanzisha, jumuiya ya teknolojia kwenye lemmy.world, nyingine ya teknolojia kwenye lemmy.ml, na nyingine tena kwenye beehaw.org. Habari moja ikawa inabandikwa mara tatu na kujadiliwa mara tatu, na waliojadili hapa hawakuona yaliyosemwa kule. Tangu hapo mjadala wa kuunganisha jumuiya pacha haujakoma.

WhatsApp ni mali ya kampuni moja, Meta, kwa hiyo kitaalamu haimo katika mitandao iliyogatuliwa. Lakini kwa anayeitumia, makundi yake yametengana kuliko hata seva za Lemmy, kwa sababu aliye katika kundi moja hawezi hata kujua kwamba la pili lipo. Ndiyo maana naona nchi ya chai ni mahali pazuri pa kulifikiria swali hili. Watu wake wameishi na taasisi zilizogawanyika na kushikamana kwa wakati mmoja tangu kabla ya simu kufika.

Tuanze na hasara za kuwa na makundi mengi, maana ni za kweli na anayezibeza hajawahi kungoja bonasi. Mkulima mdogo wa chai hulipwa sehemu ya fedha kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha mwaka wa fedha ukiisha Juni, hesabu hufungwa na malipo ya pili, yale yanayoitwa bonasi, hutolewa karibu na Oktoba. Karo, deni la duka, mabati, mahari, vyote husubiri mwezi huo. Wiki za mwisho kabla ya kiwango kutangazwa, picha za karatasi zenye majina ya viwanda na tarakimu huanza kuzunguka. Nyingine ni za kweli, nyingine ni za mwaka uliopita, nyingine zimeundwa tu na mtu. Mwenye taarifa sahihi huikanusha picha ya uongo katika kundi alilomo, lakini katika makundi mawili mengine inaendelea kuaminiwa, na kuna watu wanaokopa kwa kuitegemea. Mwaka 2025 malipo ya viwanda vingi vya magharibi mwa Bonde la Ufa yalikuwa chini sana kuliko ya mashariki, na wakulima wa Kericho na Bomet wakapaza sauti hadharani. Katika hali kama hiyo, tarakimu ya uongo iliyotangulia huongeza uchungu wa tarakimu ya kweli.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwa urahisi, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Chukua mama aliyepima majani yake nyumbani, akayabeba hadi kituoni, na mzani wa kielektroniki ukamwandikia kilo chache kuliko alizotarajia. Anapiga picha ya risiti na kuituma katika kundi lenye watu arobaini. Mmoja anamwambia labda majani yalikuwa na maji na yamekatwa uzito, mwingine anamwekea uso wa huzuni. Katika kundi la pili, siku ile ile, mwanamume wa upande wa pili wa mto ametuma risiti yenye tatizo hilo hilo. Hawajuani. Kila mmoja analala akidhani kosa ni lake au la mzani wake wa nyumbani. Wangekutana, wangekuwa watu wawili wenye ushahidi wa siku moja, na suala lingefika kwa meneja wa kiwanda likiwa na uzito tofauti kabisa. Mgawanyiko wa aina hii huwanyima watu nafasi ya kugundua kwamba shida yao ni ya wengi.

Kwa hoja hizo pekee mtu angesema tuunganishe leo. Lakini hesabu yenyewe inakataa. Shirika la chai la KTDA linasimamia viwanda 71 vinavyomilikiwa na kampuni 54 za wakulima, na wakulima wenyewe ni zaidi ya 600,000. Ukigawanya, kila kiwanda kinapata wastani wa wakulima zaidi ya 8,000. Kundi la WhatsApp lilikuwa na kikomo cha watu 256 kwa miaka mingi. Mwaka 2022 kikapandishwa hadi 512, na baadaye mwaka huo huo hadi 1,024. Hata kikomo hicho kipya hakiwezi kubeba wakulima wa kiwanda kimoja cha kawaida. Na hata kama kingeweza, mtu yeyote aliyewahi kuwa katika kundi la watu elfu anajua mambo yanavyokwenda: ishirini wanaongea, mia wanafowadi mahubiri na matangazo ya ng'ombe, waliobaki wamezima sauti. Yule mama wa risiti, aliyethubutu kuuliza mbele ya majirani arobaini, hatauliza mbele ya mkurugenzi, diwani, wagombea watatu na wageni mia tisa. Atanyamaza, na kimya chake hakuna atakayekihesabu popote.

Tena, makundi mengi yanayoonekana kuwa pacha si pacha. Hapa inafaa kuelewa jinsi chai ya wakulima wadogo ilivyopangwa. Serikali ya kikoloni iliunda mamlaka ya mazao maalumu mwaka 1960, Kenya huru ikaigeuza kuwa mamlaka ya chai, KTDA, mwaka 1964, na mwaka 2000 ikabinafsishwa ikawa mali ya wakulima wenyewe kupitia kampuni za viwanda. Kila kampuni ina wanahisa wake, bodi yake na hesabu zake. Wanachoshirikiana ni usimamizi, ununuzi wa mbolea, na njia ya kufika kwenye mnada wa Mombasa. Ndiyo sababu wakulima wawili waliotenganishwa na barabara tu, wanaochuma majani mawili na chipukizi kutoka mashamba yenye udongo ule ule, wanaweza kupata bonasi tofauti kwa sababu mmoja anapeleka Litein na mwingine Kapkatet. Na mipaka hiyo haifuati mipaka ya kaunti. Bomet ilimegwa kutoka Kericho mwaka 1992, lakini majani hayakuambiwa. Na kampuni ya Kapkoros ya Bomet ina kiwanda hadi Olenguruone, kaunti ya Nakuru.

Kwa hiyo ukichanganya kundi la wakulima wa kiwanda hiki na la kiwanda kile kwa sababu wote wanazungumzia bei ya majani, utakuwa umechanganya watu wasio na mkurugenzi mmoja, wasio na lori moja, wasio na kiwango kimoja. Tangazo lililo kweli kwa nusu yao litakuwa uongo kwa nusu nyingine. Kuna pia mkulima mwenye namba mbili, anayepeleka sehemu ya majani kwa kiwanda chake na sehemu kwa kiwanda binafsi kinacholipa papo hapo. Yeye yuko katika makundi yote mawili kwa haki kabisa, na huenda asipende majirani wote wajue.

Wakipsigis, wenyeji wa Kericho na Bomet, walikuwa na jibu la zamani kwa tatizo la watu wengi waliosambaa juu ya milima bila mfalme wala mji mkuu. Maisha ya kila siku yaliendeshwa na kokwet, yaani baraza la ujirani, chini ya mzee wake. Mipaka ya shamba, ng'ombe walioingia shambani, ugomvi wa mke na mume, yalizungumzwa hapo na watu waliojuana kwa majina. Juu ya kokwet kulikuwa na pororiet, kikosi kilichokusanya maeneo mengi, hasa kwa vita. Mwanaanthropolojia J. G. Peristiany aliyaandika haya kwa kirefu katika kitabu chake cha 1939, na humo mna jambo ambalo wengi hulipita: kokwet moja haikumezwa na nyingine ili watu wawe wamoja. Umoja ulitoka kwingine. Rika za tohara zilikata katikati ya ujirani wote, na koo nazo vivyo hivyo, hata mtu wa Belgut akawa na wa rika lake na wa ukoo wake huko Sotik. Habari na deni na lawama zilisafiri kupitia watu waliokuwa wa huku na wa kule.

Sisemi turudi huko. Baraza lile lilikuwa la wanaume wazee, na anayechuma chai leo mara nyingi ni mwanamke. Lakini mpangilio wake unajibu swali letu vizuri kuliko mijadala mingi niliyosoma kuhusu Lemmy. Makundi madogo yanaweza kubaki madogo iwapo wapo watu waliomo katika mawili au matatu, na iwapo watu hao wanajulikana kuwa na wajibu wa kupeleka neno. Katika kijiji cha chai watu hao wapo tayari: karani wa kituo, mwanakamati wa kituo, mwalimu mstaafu anayeaminiwa na wote, na mara nyingi yule kijana wa bodaboda anayepita vituo vinne kwa siku. Kinachokosekana ni makubaliano kwamba kazi hiyo ni yao.

Sasa tufike kwenye makundi yaliyogawanyika kwa ugomvi, maana haya ndiyo yanayotajwa sana anapotokea mtu wa kuhubiri umoja. Admini aliegemea mgombea mmoja wa ukurugenzi, akawatoa waliouliza maswali, nao wakaanzisha la kwao. Tangu 2022 WhatsApp inamruhusu admini kufuta ujumbe wa mtu yeyote katika kundi kwa wote wasiuone. Ni nguvu inayosaidia dhidi ya matusi na picha chafu, na ni nguvu hiyo hiyo inayoweza kufuta swali la hesabu. Palipo na makundi mawili, swali lililofutwa hapa linabaki kule, na admini anayejua hivyo hufikiri mara mbili kabla ya kubonyeza. Kwa sababu hiyo kundi la pili la kituo kimoja si uchafu wa kusafishwa kila linapoonekana. Wakati mwingine ndilo linalomfanya admini wa kundi la kwanza abaki mwaminifu.

Hata kwenye Lemmy ilikuwa hivyo. Juni 2023, wimbi la wageni lilipofurika, wasimamizi wa Beehaw walikata mawasiliano na lemmy.world pamoja na seva nyingine kubwa, wakieleza kwamba hawakuwa na watu wa kutosha kusimamia kilichokuwa kikimiminika kutoka huko. Walilaumiwa kwamba wanavunja umoja. Lakini walikuwa wamewaahidi watu wao mahali penye adabu, na ahadi hiyo isingeweza kutimizwa ndani ya umati. Anayelazimisha muungano kati ya waliofukuza na waliofukuzwa, kabla ya lililowatenganisha kuzungumzwa, anawarudisha waliofukuzwa chini ya mkono ule ule.

Na vipi siku mlango mmoja ukifungwa? Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Novemba 2023 na tena Novemba 2024, Telegram ilibanwa nchini Kenya wakati wa mtihani wa KCSE, na waliokuwa wamehamishia kila kitu huko wakakwama pamoja na walaghai wa mtihani waliolengwa. Katika mitandao iliyogatuliwa, seva ya vlemmy.net ilitoweka ghafla Julai 2023, na lemm.ee, iliyokuwa miongoni mwa kubwa, ilifungwa Juni 2025 kwa sababu waliokuwa wakiiendesha walichoka. Jumuiya zilizokuwa na pacha kwingine ziliendelea kuzungumza, na zile zilizokuwa zimekusanya kila kitu katika nyumba moja zikalazimika kuhama kwa haraka. Kijijini janga ni dogo zaidi lakini ni la kila mwaka: admini pekee amepoteza laini, au amefariki, na hakuna anayeweza kuongeza wala kutoa mtu.

Hata hivyo kuna hoja moja ya kuunganisha ambayo siwezi kuipita, nayo ni ya nguvu. Mtu wa nje akija na jambo kubwa, huuliza: nani anazungumza kwa niaba yenu? Makundi yakiwa mengi, atamchagua anayemfaa yeye. Mwaka 2023, kampuni ya Finlays ilipouza mashamba yake ya chai ya Kenya kwa Browns Investments ya Sri Lanka, ilitangazwa kwamba asilimia 15 ya hisa ingetengewa wenyeji kupitia chama cha ushirika. Papo hapo suala likawa nani ni mwenyeji na nani anamwakilisha. Ardhi ile ilichukuliwa enzi za ukoloni kutoka kwa babu za watu wanaoishi kandokando yake, na fidia au hisa au msamaha wowote utakaokuja utapitia kwa yule atakayekubaliwa kuwa msemaji. Hapo mgawanyiko si usumbufu wa kufowadi tu. Unaweza kugharimu kizazi kizima.

Lakini tazama pia lililofanyika Agosti 2022. Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kuhusu kufukuzwa kwao kwenye ardhi ya chai. Watalai wana kidonda chao cha pekee: mwaka 1934 ukoo wao ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwa sheria iliyotungwa kwa ajili yao peke yao. Hawakuhitaji kusahau tofauti hiyo ili wasimame upande mmoja na Wakipsigis wengine. Waliungana katika dai, kila mmoja akabaki na historia yake. Nikiulizwa umoja wa kweli wa makundi unafananaje, nitaonyesha hapo kabla ya kuonyesha kundi lolote la watu elfu moja.

Na pale ambapo kuunganisha kunafaa kweli, kwa mfano makundi mawili yaliyoanzishwa kwa bahati tu, watu walewale, kituo kilekile, hakuna ugomvi, utaratibu uko tayari na hatuhitaji kuubuni. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 imeeleza vyama viwili vinavyoungana hufanya nini. Kwanza kila chama hupitisha azimio la awali. Nakala yake hupelekwa kwa wanachama wote na kwa wote wanaokidai. Mwanachama asiyetaka kuingia katika chama kipya ana haki ya kusema hivyo kwa maandishi, angalau mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kuungana, na kurudishiwa hisa zake. Wanaodai wana haki ya kulipwa. Kisha, baada ya yote hayo, hupitishwa azimio la pili la kuthibitisha.

Sheria hiyo ilitungwa na watu walioona vyama vikivunjika. Haikuridhika na kura moja ya furaha, iliweka muda kati ya azimio na azimio ili waliokuwa kimya wapate nafasi. Haikudhani kila mtu anataka kwenda, ilimwachia mlango anayetaka kubaki nje na haki yake mkononi. Na ilikumbuka madeni. Linganisha na makundi yetu yanavyounganishwa: admini mmoja anaamka asubuhi, anawaburuta watu mia mbili hadi kundi jipya bila kuwauliza, anafuta la zamani, na humo ndani kulikuwa na orodha ya michango ya matanga, picha za risiti za miaka miwili, na namba ya fundi wa pampu. Namba za simu ambazo watu waliwapa majirani sasa zinaonekana na wageni mia. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na hata kama hakuna atakayekwenda mahakamani kwa ajili ya kundi la kituo, heshima iliyo ndani ya sheria hiyo inatuhusu: namba ya mtu ni yake, naye huulizwa kwanza.

Fedha ndiyo sehemu ya kuogopewa zaidi. Makundi haya huchangisha kwa M-Pesa: matibabu, karo, mazishi, wakili. Kundi moja lina salio, la pili lina deni la mchango ulioahidiwa na haukutimizwa. Yakiunganishwa kimyakimya, wenye salio watahisi wameibiwa na wenye deni watahisi wametukanwa. Mweka hazina wa kila upande asome hesabu mbele ya watu, salio ligawanywe au litumike kwa lengo lake la awali, ndipo yaungane.

Tukumbuke pia uchaguzi wa 2027. Kericho na Bomet ni nchi yenye mashamba makubwa ya chai na wafanyakazi kutoka jamii nyingi, na ghasia za 2007 na 2008 zilipita humo. Mwaka 2017 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa na Mamlaka ya Mawasiliano zilitoa mwongozo uliowawajibisha maadmini kwa maneno ya chuki yanayopita katika makundi yao. Kundi la majirani arobaini linaweza kumnyamazisha mchochezi kwa sababu mama yake anajulikana. Katika kundi la elfu moja, mchochezi ni namba tu isiyo na jina, na admini atauona ujumbe asubuhi, ukiwa umeshafika Sondu. Kuongeza ukubwa wa makundi sasa hivi, bila kuongeza wasimamizi, ni hatari ambayo haina faida ya kuilipia.

Zipo njia za katikati. Novemba 2022 WhatsApp ilizindua Jumuiya, mfumo unaoweka makundi kadhaa chini ya paa moja, pakiwa na ukumbi wa matangazo unaofika kwa wote huku kila kundi likiendelea na mazungumzo yake. Katika mitandao iliyogatuliwa, programu ya PieFed inaruhusu mtumiaji kukusanya jumuiya nyingi katika mkondo mmoja wa kusoma, bila wenye jumuiya kupoteza chochote. Naipendelea njia ya pili kwa moyo wote, kwa kuwa muunganisho unafanywa na msomaji mwenyewe. Njia ya kwanza inafaa pia, kwa sharti kwamba ukumbi wa matangazo usiwe wa mtu mmoja. Ukimkabidhi mgombea wa ukurugenzi, umempa kipaza sauti cha vituo vyote na umewaachia wengine mnong'ono. Uwe na maadmini watatu au wanne kutoka vituo tofauti, angalau mmoja mwanamke, na uwe wa mambo machache: lori, mbolea, mkutano, kiwango cha malipo kilichothibitishwa na kiwanda, na malalamiko ya mzani yaliyokusanywa kutoka vituo vyote kila mwisho wa mwezi. Hilo la mwisho ndilo litakalowakutanisha mama wa risiti na mwanamume wa ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Makundi ya kituo yabaki ya kituo. Yaliyojirudia kwa bahati yaunganishwe, kwa azimio, kwa mwezi wa kungoja na kwa hesabu kusomwa. Yaliyotengana kwa ugomvi yaachwe hadi ugomvi uzungumzwe ana kwa ana, chini ya mti au katika ukumbi wa kanisa, kwa sababu simu haijawahi kuumaliza. Kwa jambo kubwa linalohitaji sauti moja, kama hisa za ardhi, makundi yachague wajumbe kwa jambo hilo tu, na wajumbe warudi kutoa ripoti.

Na wewe admini unayesoma haya huku una makundi mawili ya kituo kimoja mkononi, usiwahamishe watu leo. Andika pendekezo lako katika makundi yote mawili kwa maneno yale yale, taja tarehe, mpe kila mtu nafasi ya kukataa bila kusutwa, ongeza maadmini wawili ambao si ndugu zako, na siku ya kuhama ikifika, lifunge kundi la zamani lisiandikwe tena lakini usilifute, ili anayetafuta risiti yake ya mwaka jana aikute.